Kondo la nyuma: Kuzikwa au kutibia?

Ndugu Waislamu, desturi yetu ni kuzika kondo la nyuma, kwa kuheshimu mwili wa mwanadamu. Lakini tangu 1910 madaktari wametumia utando wake kufunika majeraha, yakiwemo ya moto. Mama hupimwa Ukimwi na homa ya ini, kisha utando husafishwa na kukaushwa au kugandishwa, ukahifadhiwa.

Je, yajuzu? Baraza la Kimataifa la Fiqhi, Jeddah, mwaka 1988, liliruhusu sehemu iliyotolewa mwilini kwa sababu ya maradhi kumtibia mwingine, likakataza kuuza viungo. Kondo hutoka lenyewe; kwa qiyas, mama akiridhia bila malipo, naona inajuzu. Kinachobaki kizikwe. Aliyeungua naye anastahiki heshima.

Wallahu a'lam.