Injini ya Gari la Moshi kwa Karatasi Ngumu

Swima iko kando ya ziwa, juu ya barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka na Fizi. Mtoto wa Swima huona mitumbwi, mashua, malori na pikipiki. Gari la moshi haoni. Upande wa Kongo, reli iliyo kando ya ziwa hili iko Kalemie, mbali kusini. Mji ule zamani uliitwa Albertville, na reli ya kutoka Kabalo ilifika huko mwaka 1915. Ng'ambo ya ziwa, kusini ya mpaka wa Burundi na Tanzania, uko mji wa Kigoma. Reli ya Dar es Salaam ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi.

Mtoto ambaye hajaona injini ya moshi akiambiwa aichore, huchora sanduku refu, magurudumu manne, na moshi unaotoka katikati. Picha yake inapendeza, lakini injini ya namna hiyo isingeweza kwenda hata hatua moja. Kila kitu katika injini ya kweli kina mahali pake, na kila mahali pana sababu yake. Mtoto anaweza kuzijua sababu hizo bila kufika Kalemie wala Kigoma, akiijenga injini kwa karatasi ngumu, na akishika kipimo.

Kipimo ndicho cha kwanza. Reli ya Kigoma na ile ya Kalemie zote mbili zilijengwa kwa upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Baadaye ile ya Kalemie ilipanuliwa hata milimita 1,067, ipate kuungana na reli za Katanga. Basi tushike mita 1, tuigawanye kwa 20. Inakuwa sentimita 5. Tangu hapo kila kitu cha injini kitagawanywa kwa 20, wala si kwa namba nyingine: gurudumu, dohani, mlango, hata dereva mwenyewe. Mtu wa sentimita 170 atakuwa na sentimita 8 na nusu. Mtoto akigawanya magurudumu kwa 20 na dohani kwa 10 kwa sababu anapenda dohani kubwa, amejenga kitu kisichokuwako duniani.

Injini gani ijengwe? Katika makumbusho ya reli ya Nairobi zimehifadhiwa injini mbili kubwa sana, namba 5918 na 5930. Zilikuwa miongoni mwa injini 34 zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, na kiwanda cha Beyer, Peacock, mwaka 1955 na 1956, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Ile ya kwanza inaitwa Mlima Gelai, ya pili Mlima Shengena. Kila moja ina urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 250 hivi. Hesabu kidogo: mita 32 ukigawanya kwa 20 unapata sentimita 160. Mwanafunzi angejenga injini inayompita yeye mwenyewe kwa urefu! Tuiache. Tutajenga injini ndogo ya stesheni, yenye magurudumu sita, inayobeba maji yake ubavuni. Injini za namna hiyo zilitumika kupanga mabehewa, na urefu wa mita 7 unatosha. Kwetu zitakuwa sentimita 35.

Vifaa vyapatikana kijijini. Karatasi ngumu hutoka katika maboksi ya dukani, lakini si kila boksi linafaa. Lile lenye mifereji ndani hukunjika vibaya na kingo zake huchakaa. Lifae kwa sakafu tu. Kwa magurudumu itafutwe karatasi laini na ngumu, kama ya pakiti za sabuni au biskuti, ibandikwe tabaka juu ya tabaka. Gundi ni uji mwepesi wa unga wa muhogo, uliopikwa hata ukawa unang'aa na kunata. Hauna gharama, ila mende na panya wanaupenda. Kazi isiachwe chini usiku. Tena ziwepo rula, bikari, wembe au kisu kikali, njiti za kiberiti, kalamu ya wino iliyokwisha, na vijiti vitatu vya mwanzi vilivyonyooka, unene wa milimita 5.

Fundi wa mashua huanza na mkuku, wala haanzi na rangi. Vivyo hivyo injini huanza na fremu. Zikatwe mbao mbili za karatasi, kila moja ya tabaka nne, urefu sentimita 34 na kimo sentimita 4 na nusu. Zibandikwe moja juu ya nyingine kwa muda, na matundu matatu ya magurudumu yatobolewe katika zote mbili kwa pigo moja, sentimita 1 juu ya ukingo wa chini, na kati ya tundu na tundu sentimita 6 na nusu. Sababu ya kutoboa pamoja ni hii: tundu la kushoto likipishana na la kulia hata kwa milimita 2, ekseli inakaa mshazari, na injini itataka kwenda porini. Kisha mbao zitenganishwe, zisimamishwe kwa vipande vya katikati, upana wa nje kwa nje uwe sentimita 4. Ndani ya kila tundu iingizwe pete iliyokatwa katika bomba la kalamu, ili kijiti cha mwanzi kizunguke juu ya kitu kigumu.

Magurudumu yanaharibu kazi ya watoto wengi. Gurudumu la gari la moshi si kama la baiskeli. Lina ukingo upande mmoja, unaolizuia lisianguke nje ya reli, na ukingo huo uko upande wa ndani, kati ya reli mbili. Yakatwe kwa bikari maduara ya sentimita 5, manne kwa kila gurudumu, na duara moja la sentimita 5 na milimita 8 kwa ukingo. Yabandikwe yote juu ya tundu moja la katikati, yawekwe chini ya jiwe zito hata kesho. Mtoto asiyeweza kungoja gundi ikauke atapata magurudumu yaliyopinda kama chapati. Kati ya ukingo wa kushoto na wa kulia ziwepo sentimita 4 na milimita 6, upungufu mdogo kuliko njia yenyewe, ili injini isibanwe na reli. Tena gurudumu lishikamane na ekseli yake. Linalozunguka ni ekseli ndani ya fremu, si gurudumu juu ya ekseli.

Sasa pipa la mvuke. Upana wake ni sentimita 6. Karatasi ya kulizungusha iwe na upana gani? Zidisha 6 kwa 3.14, utapata sentimita 18 na milimita 8. Ongeza sentimita 1 ya kubandikia. Urefu uwe sentimita 20. Izungushwe juu ya chupa iliyonyooka, ifungwe kwa uzi hata ikauke. Pipa likae juu ya sakafu kwa vigingi vya sentimita 1 na nusu, na nyuma yake kijengwe kibanda cha dereva.

Na dohani iwekwe wapi? Nyumbani moshi hutoka juu ya moto. Moto wa injini uko nyuma, karibu na kibanda, ambapo mtu wa kuni au makaa anausukumia kwa sepeto. Lakini dohani iko mbele kabisa! Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo palipo na akili ya injini yote. Moto haupandi juu moja kwa moja. Hewa yake ya moto hupita katika mabomba mengi membamba yaliyolala ndani ya maji, tangu nyuma hata mbele, na njiani huyaachia maji joto lake. Maji yanachemka. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke wote hutaka nafasi ya lita 1,600 na zaidi; ndani ya pipa la chuma nafasi hiyo haipo, basi mvuke unasukuma kwa nguvu kutafuta njia. Njia inayopewa ni silinda, na ndani ya silinda iko pistoni inayokwenda mbele na kurudi nyuma. Mvuke ukiisha kazi, hautupwi hivi hivi. Unapelekwa chini ya dohani na kurushwa juu kwa kishindo, na katika kwenda kwake unavuta moshi, na moshi unavuta hewa, na hewa inauwasha moto kule nyuma kama mivukuto ya mhunzi. Injini ikikaza mwendo, moto nao unakaza. Kwa hiyo dohani haina budi kuwa mbele, na silinda mbili chini yake, moja kila upande. Kwetu dohani ina upana wa sentimita 2 na kimo cha sentimita 4. Silinda ni vibomba vya karatasi vya sentimita 2, urefu sentimita 4, vikitazama ekseli sawasawa.

Zimebaki fimbo. Fimbo ya kuunga hushika magurudumu matatu ya upande mmoja yaende pamoja. Fimbo ya kusukuma hutoka katika pistoni na kulishika gurudumu la katikati. Katika kila gurudumu ichomekwe njiti ya kiberiti, sentimita 1 na robo kutoka katikati. Matundu ya fimbo ya kuunga yaachane sentimita 6 na nusu, kama yale ya fremu, na fimbo zote mbili zitobolewe pamoja.

Sasa angalia pedali za baiskeli. Moja ikiwa juu, nyingine iko chini, na wakati huo ukikanyaga kwa uzito wote baiskeli iliyosimama inakataa kuondoka. Mafundi wa injini walilijua jambo hili. Njiti ya kushoto ikiwa juu kabisa, ya kulia iko mbele au nyuma, robo ya mzunguko. Hivyo upande mmoja ukishikwa, mwingine una nguvu, na injini haikwami kamwe pale inapoanza. Kwa kuwa kila pistoni husukumwa na mvuke mbele na nyuma, gurudumu likizunguka mara moja dohani hupiga pumzi nne. Mtoto aliyezibandika njiti kushoto na kulia sawasawa atafute maji ya uvuguvugu, alainishe gundi, aanze tena ekseli hiyo.

Rangi ni masizi ya sufuria yaliyochanganywa na uji mwepesi. Ndani ya pipa kiwekwe kifuko cha mchanga, kwa kuwa injini nyepesi haikai juu ya reli.

Kisha ije siku ya kujaribu. Vijiti viwili vilivyonyooka vifungwe juu ya ubao wa mita 1, sentimita 5 kati yao, na kichwa kimoja cha ubao kiinuliwe kidogo. Injini ikishuka huku fimbo zikipanda na kushuka, kazi ni njema. Ikisimama, isisukumwe kwa nguvu. Zitolewe fimbo za kuunga kwanza. Ikienda bila fimbo, matundu ya fimbo ndiyo yenye kosa, yapimwe upya. Ikikataa hata bila fimbo, ekseli imebanwa, na kipande cha mshumaa kikisuguliwa katika pete za kalamu mara nyingi hutosha.

Maswali. Kwa nini dohani ya injini haikai juu ya moto? Njia ya reli ya milimita 1,067 ingekuwa na upana gani katika kipimo chetu? Gurudumu la sentimita 5 litazunguka mara ngapi katika ubao wa mita 1, na dohani ya injini ya kweli ingepiga pumzi ngapi katika mizunguko hiyo?