Anayeita Majina Getini: Kijitabu kwa Waajiri, Wasimamizi na Vibarua wa Morogoro

Kwa wengi wanaofanya kazi za msimu Morogoro, iwe tumbaku, mkonge au miwa, siku huanzia getini. Saa kumi na mbili asubuhi Uluguru bado imefunikwa na ukungu. Kinamama wamejitanda khanga, kila mmoja na kikontena chake cha chakula. Msimamizi anatoka na daftari. Anahitaji watu arobaini, na waliosimama mbele yake ni sitini. Neno "kibarua" lenyewe limetokana na kijikaratasi alichopewa mtu wa kutwa, na hadi leo riziki ya kibarua iko kwenye karatasi ambayo kalamu yake ameishika mwingine.

Unyanyasaji wa kijinsia kazini hupenyea hapo. Ndiyo maana tunamwomba mwajiri asianze mafunzo kwa kuwakusanya kinamama na kuwafundisha kusema hapana. Kusema hapana wanajua. Wanajua pia kwamba jina la aliyesema hapana huenda lisisikike kesho asubuhi. Anza na mwenye daftari.

Tunazungumzia nini

Si kubakwa peke yake. Ni kushikwa kiuno kwenye foleni ya mizani. Ni meseji ya saa tano usiku, "umelala?", kutoka kwa mtu anayepanga zamu yako. Ni kusemwa umbo lako kila unapopita na ndoo. Ni kuambiwa kazi ya kivulini ipo, ila "ujiongeze". Hiyo ya mwisho ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na wa kupigiwa ni TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Wanaume nao hufanyiwa, hasa vijana wanaojifunza kazi, na wao huchelewa zaidi kusema kwa kuogopa kuchekwa.

Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinamtaja waziwazi mwenye madaraka kazini anayemsumbua mtu kingono kwa maneno au vitendo asivyovitaka. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno siku hizi. Kifungo ndicho chenye uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, nayo inauhesabu usumbufu wa aina hii kuwa ubaguzi. Kwa hiyo ofisi haiwezi kusema hilo ni la polisi.

"Tulikuwa tunataniana"

Utetezi huu ndio tunaousikia kuliko wote, na katika mkoa huu una mizizi. Utani hapa ni jambo la heshima. Mtani anaweza kuzuia jeneza msibani mpaka apewe kitu, na hakuna anayekasirika. Lakini utani una kanuni zake: unajulikana nani ni mtani wa nani, na anayetaniwa ana haki ya kurudisha, tena kwa ukali uleule. Sasa mwulize msimamizi: yule binti wa kuchambua majani anaweza kukurudishia maneno hayo mbele ya watu, na kesho ukaanza kwa kuita jina lake? Akisita kujibu, amekwisha kujibu.

Swali hili litumike katika mafunzo kama igizo. Msimamizi mmoja apewe nafasi ya kibarua na kibarua ashike daftari kwa dakika kumi. Watu watacheka sana mwanzoni.

Siku 60

Mara nyingi binti akisumbuliwa, habari hupanda mlimani kabla ya kufika kituo cha polisi. Waluguru hufuata ukoo wa mama, hivyo mjomba ataitwa kutoka Kinole au Matombo. Wazee watakaa, watasubiri mvua ikatike barabara ipitike, watakaa tena. Hatuwadharau wazee, mara nyingi wao ndio wanaompa binti moyo. Ila malalamiko chini ya 138D hayapokelewi yakipita siku 60 tangu tukio. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nayo hutoa siku 30 kwa aliyeachishwa kazi na 60 kwa migogoro mingine. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi kwanza, kikao cha ukoo kiendelee. Meseji usizifute, hata zikikutia aibu.

Mafunzo yafanyike hivi

Ndani ya saa za kazi, zenye malipo. Wasimamizi peke yao siku ya kwanza. Kisha wanawake peke yao na wanaume peke yao. Mwisho wote pamoja. Kiswahili cha kawaida, si cha mikataba.

Kisha daftari lenyewe libadilike, maana bila hilo tumekunywa soda tu. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi kutoka mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, ambako wanawake zaidi ya 70 walisema wamenyanyaswa na wasimamizi wao. Huko sera zilikuwepo kwenye makaratasi. Kwa hiyo majina yapangwe kwa zamu inayojulikana, na watu wawili, mmoja wao mwanamke, na yabandikwe tangu jana yake. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa Juni 2019, unamlinda hata anayetafuta kazi, yaani wale ishirini ambao hawakuitwa.

Sanduku la malalamiko tumelikuta zaidi ya mara moja limetundikwa kando ya mlango wa msimamizi. Liondoeni hapo. Jina na simu ya mpokea malalamiko viandikwe upande wa ndani wa mlango wa choo cha wanawake, kwa herufi kubwa, mahali mtu anapoweza kunakili namba bila kuonekana.