Andika Hatua kwa Nambari

Ndugu msomaji, uliyetoka Kismayo, Koyama au Chula, ukimwandikia jirani namna ya kuchanganya chumvichumvi (ORS) ya mtoto anayeharisha, usiandike mfululizo. Kila hatua iwe na mstari na nambari yake:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa.
3. Tia pakiti nzima, koroga mpaka iyeyuke.
4. Mpe mtoto kidogo kidogo.
5. Yakipita saa 24, yaliyobaki yamwage.

Maji yakipungua, chumvi huzidi na humdhuru mtoto. Ukiongeza hatua katikati, panga nambari upya. Asiyejua kusoma asomewe, ahesabu hatua kwa vidole. Akiruka moja, atajua. Mtoto akilegea au asipoweza kunywa, mkimbize kliniki.