Kugawa au Kushirikisha? Diski ya Nje katika Mtandao wa Nyumbani Mjini Isiolo

Utangulizi

Makala hii inadhamiria kuchunguza vitenzi tunavyotumia tunapozungumzia diski moja inayotumiwa na watu wengi. Isiolo ni mji wa wazungumzaji wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, na Kiswahili huwaunganisha. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayekusanya fasihi simulizi mjini humo na kuhifadhi rekodi zake zote katika diski ya nje. Nyumbani kwao mna tarakilishi tatu. Anamwambia mdogo wake: "Igawe ile diski, sote tuitumie." Mdogo wake afanye nini?

Utata wa Msamiati

Kitenzi gawa humaanisha kutenga kitu kizima katika mafungu. Kwa wataalamu wa tarakilishi, kuigawa diski ni kuitenga katika sehemu zinazojitegemea, kazi ambayo aghalabu hufuta yaliyomo. Mdogo mtu akitii neno hilo kama lilivyo, huenda masimulizi ya wazee yakapotea, na si kila mzee atakuwepo kuyasimulia tena. Gawana nacho hudokeza kwamba kila mmoja ataondoka na fungu lake, ilhali diski hubaki nzima.

Shiriki huandamana na tukio: mtu hushiriki mkutano au mjadala. Kauli ya kutendesha, shirikisha, huchukua yambwa la mtu. Kwa hivyo, tunawashirikisha wenzetu katika matumizi ya diski. Hapa maana ya kisintaksia na ya kiteknolojia zinaafikiana.

Utaratibu

Diski huweza kuchomekwa katika ruta yenye tundu la USB, au katika tarakilishi moja ambayo haitazimwa wengine wanapoitumia. Inafaa kushirikisha folda moja badala ya diski nzima. Kila mtumiaji apewe jina na nywila yake. Wote waruhusiwe kusoma, lakini ruhusa ya kuandika na kufuta ibaki kwa mwenye kazi.

Mafaili husafiri ndani ya nyumba kwa itifaki ya SMB, bila kuhitaji intaneti wala kununua data. Tarakilishi za Linux hutumia programu ya Samba, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Andrew Tridgell wa Australia. Jina hilo limetokana na herufi SMB, wala si kitenzi chetu sambaa, ingawa sikio la Mswahili lingedhani hivyo.

Tahadhari mbili zazingatiwe. Kwanza, diski ya mfumo wa FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, hivyo video ndefu hukataliwa. Na kuibadilisha kwa kuiumbiza upya hufuta data. Pili, kushirikisha si kuhifadhi nakala. Watu watatu wakitumia diski moja, ikiharibika, wote watatu wamepoteza. Nakala ya pili iwekwe kwingine.

Hitimisho

Mradi wa Jambo OpenOffice, uliotolewa mwaka 2004 kutokana na juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulidhihirisha kwamba Kiswahili kinaimudu tarakilishi. Jukumu letu sasa ni kutofautisha istilahi. Tunapendekeza gawa litengewe mafungu ya diski, na shirikisha litengewe watumiaji wake. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo darasani. Kwa mwanafunzi wa Isiolo, ni tofauti kati ya kuwa na utafiti na kuupoteza.