Ulingo wa Kulindia Shamba

Mkulima aweza kulima vema, akapanda mapema na kupalilia mara mbili, kisha akapoteza mavuno yake kwa usiku mmoja. Ndovu wachache wakiingia katika shamba dogo la mahindi yaliyokomaa, asubuhi mwenyewe hukuta mabua yaliyolala chini. Wazee wetu waliijua hasara hii, nao walijenga ulingo, ambao watu wengine huuita dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, ili mlinzi aamie ndege mchana na kukesha usiku.

Katika Marekani wawindaji hujenga viti vya juu namna hii ili kuwavizia wanyama wafananao na paa, wenye pembe za matawi. Hapa Kenya uwindaji wa wanyama wa pori ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo ulingo wetu si wa kuulia, bali ni wa kuonea na kufukuzia. Hata hivyo kanuni za kuuchagulia mahali na za kuujenga hufanana sana, nazo yafaa zijulikane na kila mkulima apakanaye na pori.

Kwanza, mahali. Kabla ya kukata mti wo wote, zunguka mpaka wa shamba mchana ukitazama nyayo, mavi, na ua uliovunjika. Wanyama, kama watu, wana njia zao. Ulingo usikae juu ya njia hiyo, wala karibu na maji wanyweayo, wala chini ya mwembe wenye matunda. Ujenge pembeni, ndani kidogo ya shamba, mahali ambapo jicho laweza kuuona mpaka wote wa upande wa pori, na ambapo mlinzi ana njia wazi ya kurudi nyumbani.

Pili, upepo. Ndovu haoni vizuri sana, lakini pua yake ni kali mno. Jifunze upepo wa usiku wa mahali pako. Katika nchi ya vilima, hewa hupoa jioni ikashuka kuelekea bondeni, mchana hupanda. Jambo hili lina faida kubwa kwa wale wachomao pilipili kali iliyotwangwa na kuchanganywa na mavi makavu ya ng'ombe. Moto huo uwekwe mahali ambapo upepo utachukua moshi na kuupeleka upande watokako wanyama. Ukiuweka vibaya, watakaokohoa ni walinzi.

Tatu, kujenga. Chagua nguzo nne za mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, zenye panda juu. Unguza kidogo ncha zitakazoingia ardhini, kisha uzifukie futi 3 na kushindilia udongo kwa nguvu. Funga miti ya mshazari kutoka nguzo hata nguzo, maana ulingo usio na mshazari huyumba, na uyumbao mwisho huanguka. Sakafu ikiwa juu futi 8 yatosha kuonea juu ya mahindi. Weka ukingo wa kuzuia mtu aliyesinzia asianguke, na paa la makuti au nyasi. Ngazi iwe imara. Usipande ukishika panga au taa mkononi. Panda kwanza, kisha vivute kwa kamba. Kila msimu kagua kamba na nguzo zote kabla ya kupanda, kwa kuwa kamba ya mkonge huoza kwa mvua. Mtu aliye katika ulingo aweza kuumizwa si na mnyama tu, bali na kuanguka pia.

Nne, namna ya kukesha. Msiwe chini ya watu wawili. Chukueni chandarua, kwa sababu mbu nao hukesha. Ngurumo zikianza, shukeni mwende nyumbani. Nguruwe na nungu hukimbia wakisikia debe likipigwa, lakini ndovu ni jambo jingine. Ndovu dume mzima hupita futi 10 begani, na mkonga wake hufika juu zaidi; ulingo hauwezi kumzuia. Mkimwona, pigeni kelele pamoja na kumulika taa mkiwa mbali, na mwacheni nafasi ya kurudi alikotoka. Mtu asishuke kumkabili gizani. Mahindi hupandwa tena msimu ujao, lakini mtu hapandwi.

Ulingo pekee hautoshi. Huko Sagalla, karibu na mbuga ya Tsavo, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye ndovu huwaogopa nyuki. Wengi wa ndovu wanaofika hapo hugeuka, na mkulima hupata asali juu ya mavuno yake. Tena, kwa sheria ya mwaka 2013, mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama waliotajwa katika sheria hiyo aweza kuomba fidia. Basi toa habari mapema kwa maofisa wa wanyama wa pori, kabla nyayo hazijafutika.

Jambo la mwisho ni la watoto. Nyani huja mchana, na mara nyingi mtoto ndiye aachwaye ulingoni wakati wenzake wako darasani. Shamba likiokolewa hivyo, nyumba imepata gunia na kupoteza elimu. Majirani watano wenye mashamba yanayogusana waweza kujenga ulingo mmoja mzuri na kulinda kwa zamu, kila mtu mzima siku yake. Hapo mavuno yatafika ghalani, na mtoto atafika shuleni.