Chakula, Misuli na Kazi ya Insulini

Wanga unaoliwa, uwe ugali, wali, chapati au muhogo, humeng'enywa ukawa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu. Sukari hiyo ikipanda, kongosho hutoa homoni ya insulini, nayo huziwezesha seli kuipokea. Misuli ndiyo hupokea sehemu kubwa. Sehemu yake huichoma kupata nguvu, na nyingine huiweka kama akiba iitwayo glaikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufikia takriban gramu 400; akiba ya ini ni gramu 100 hivi.

Mtu anayekula zaidi kuliko anavyotumia, mwaka hadi mwaka, hurundika mafuta hata ndani ya seli za misuli. Mafuta hayo huvuruga ujumbe wa insulini, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Huo ndio ukinzani wa insulini. Hauumi, hauonekani, na huweza kudumu miaka mingi kabla ya kisukari cha aina ya 2 kujitokeza. Kusubiri dalili, basi, ni kuchelewa.

Unga wa dona hubaki na pumba na kiini cha mahindi, kwa hiyo una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe. Hata hivyo, bonge kubwa la ugali wa dona bado ni wanga mwingi, na kosa la kaya nyingi liko zaidi kwenye kipimo kuliko kwenye aina ya unga. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha au matembele, robo wanga, na robo maharage, kunde, choroko, dagaa au samaki. Nyuzinyuzi za mboga na kunde huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Protini hulinda misuli, hasa ya wazee, ambayo hupungua kwa umri.

Soda ni ya kuepukwa kabisa. Chupa ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 hivi, karibu vijiko saba vya chai, bila nyuzinyuzi zozote.

Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi hata insulini ikiwa kidogo. Kwa sababu hiyo, kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula hupunguza sukari iliyopanda.

Anayetumia dawa za kisukari asibadili mlo ghafla wala kuacha dawa kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya, kwani sukari ikishuka au kupanda mno huhatarisha maisha.