NYONGA YA CHUMA NA SAFARI

Ndugu, mahali pa mfupa ulioharibika daktari amekutilia kichwa cha chuma, kinachozunguka katika kikombe cha plastiki. Daktari John Charnley wa Uingereza alianza kutumia namna hii mwaka 1962. Ni kazi nzuri, lakini nyama zinazokishika hazijapata nguvu bado. Kichwa chaweza kuchomoka.

Basi majuma 12 ya kwanza, isipokuwa daktari wako amesema vingine, usikalie kigoda, wala usikunje mguu mmoja juu ya mwingine. Usichuchumae chooni: seremala atakutengenezea kiti chenye tundu.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni zaidi ya kilomita 50. Usipande pikipiki, hata mwenyewe akiapa kwamba ataendesha polepole (wote huapa). Katika motokari keti mbele, kiti kimesukumwa nyuma: matako kwanza, kisha miguu yote miwili pamoja. Njiani shuka, tembea kidogo, damu isigande miguuni.

Mguu ukifupika ghafula kwa maumivu makali, usimwite mvuta mifupa. Lala, ubebwe kwa machela mpaka hospitali. Kidonda kikitoa usaha, au homa ikija, njoo siku ile ile.